Tatu Juu ya Kumi na Mbili

Dokta Benchi alimtambua mteja wake kabla mteja mwenyewe hajajua kuwa ni mteja. Alikuwa mwanamume mnene wa miaka hamsini na kitu, viatu vinang'aa, vumbi la saruji limejaa kwenye mikunjo ya shati. Alisimama nje ya dirisha la dawa la hospitali akiwa na daftari la mgonjwa mkononi, lakini hakulishika kama mgonjwa. Mgonjwa hulikumbatia daftari lake kifuani kama mtoto mchanga. Huyu alilishika kwa ncha za vidole, akalichungulia ndani, akalifunga, akatazama kushoto na kulia, akalichungulia tena, kama mtu anayesoma barua ya jirani.

"Hilo si lake," Dokta Benchi alijiambia, akasogea kidogo kwenye benchi ili nafasi ya kukaa ionekane.

Jina la Dokta alijipa mwenyewe. La Benchi alipewa na muuza karanga wa getini, kwa sababu siku hizi hakuna aliyemwona ndani ya hospitali ile akiwa mahali pengine. Kila siku saa tatu asubuhi alikaa pale, amevaa miwani isiyo na kazi yoyote machoni pake, kalamu mbili mfukoni, akiwasubiri watu wanaotoka kwa daktari. Maana madaktari wa pale, kama madaktari wote chini ya jua, waliandika kwa kificho. Hawakuandika "mara mbili kwa siku", waliandika BD. Mara tatu ikawa TDS. "Unywe ukihitaji" ikawa PRN, na "tumekuchunguza hatukuona kasoro" ikafungwa yote ndani ya NAD, herufi tatu zinazotisha kuliko jina la gereza. Mgonjwa alitoka ndani ameambiwa maneno manne ya haraka, ameshika ukurasa uliojaa herufi, na hapo nje, kwa bahati iliyoje, akamkuta bwana mstaarabu mwenye miwani.

Tusimwonee: Dokta Benchi alizijua herufi hizo kweli kweli. Alifanya kazi miezi minne katika chumba cha mafaili, ambako ukutani palibandikwa karatasi yenye maana ya kila kifupisho, mpaka alipofukuzwa kwa kumuuzia muuza karanga mafaili ya zamani ya kufungia bidhaa. Tatizo ni kwamba ukweli ulikuwa mfupi mno. Ukimwambia mtu NAD maana yake hana ubaya wowote, anakushukuru na kwenda zake. Lakini ukivua miwani, ukaguna, ukasema, "Mmh, NAD tena?" mtu anakaa chini, na mtu aliyekaa chini anatoa kitu. Jambo moja tu hakuwahi kulichezea: vipimo vya dawa alivisoma kama vilivyo. Hakuwa na roho mbaya kiasi hicho. Zaidi ya hayo, mteja aliyekufa harudi.

"Kaa, mkubwa," alisema. "Dirisha lenyewe hilo linafunguliwa wakijisikia."

Mwanamume alikaa. Benchi likalia.

"Daftari la nani, la mama?"

"La shangazi yangu. Magoti yanamsumbua, kanituma nimchukulie vidonge." Akainama. "Wewe unajua kusoma mambo haya?"

"Haya? Mkubwa, mimi hata ndoto naota kwa vifupisho."

Akalipokea daftari. Kilichoandikwa kilikuwa hiki: mwanamke, miaka sabini na miwili. HTN, yaani presha ya siku nyingi. Analalamika magoti. BP 130/80, kipimo ambacho wengi wa umri wake wangekifanyia sherehe. Kifua NAD. Tumbo NAD. Aendelee na kidonge chake OD, mara moja kwa siku, na cha maumivu PRN. Na mwisho kabisa, TCA 3/12: arudi tena baada ya miezi mitatu. Kwa maana madaktari huandika siku juu ya saba, wiki juu ya hamsini na mbili, miezi juu ya kumi na mbili, na wenyewe wanaelewana.

Kwa kifupi, bibi mzima kama ngoma mpya.

Dokta Benchi alijiandaa kuguna kidogo na kuambulia nauli. Kila mtu humuuliza swali lilelile: atapona? Lakini mwanamume alimsogelea sikioni akauliza, "Ana muda gani?"

Mkono wa Dokta Benchi ulitulia juu ya ukurasa. Katika miaka yake yote kwenye benchi lile, hakuwahi kuulizwa swali lenye njaa kama hilo.

"Mimi sisemi kitu," alisema, akavua miwani. "Hii ni siri ya mgonjwa. Soma mwenyewe hapo mwisho."

"Tatu... juu ya kumi na mbili."

"Mwaka una miezi mingapi?"

"Kumi na mbili."

"Na yeye kaandikiwa mingapi?"

"Mitatu!"

"Umesema wewe," Dokta Benchi alimwambia kwa huzuni. "Mimi sijafungua mdomo."

Mwanamume alihuzunika. Alihuzunika kwa mdomo na kwa nyusi. Macho yalikuwa tayari yanapima kiwanja.

Kiwanja chenyewe kilikuwa hivi. Mwanamume huyu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na mtaani waliitwa kwa pamoja, yeye na duka, Bwana Mabati. Kati ya duka lake na barabara kuu palikuwa na nyumba ya shangazi yake, vyumba vitatu na ua. Duka lilikuwa nyuma ya nyumba kama mtu mfupi kwenye mkutano. Kwa miaka kadhaa Bwana Mabati alikuwa akitangaza kwamba kiwanja kile ni cha babu, kwa hiyo na yeye ana haki; Shangazi akawa anamjibu kwamba alikinunua kwa jasho lake, risiti anazo. Lakini silaha kubwa ya Bwana Mabati ilikuwa paa. Paa la Shangazi lilikuwa limeoza. Mwaka wa tatu huu alikuwa akimwomba mtoto wa kaka yake amwuzie mabati kwa kulipa kidogo kidogo, na mwaka wa tatu huu mtoto wa kaka yake, aliyelala juu ya mabati, alikuwa akijibu kwamba mzigo haujaingia. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki chache. Nyumba ikishindwa safari hii, Shangazi angelazimika kuhamia stoo ya duka, katikati ya mifuko ya saruji, na Bwana Mabati alijua kwamba bibi aliyehamishwa kwake hana pa kurudi.

"Sasa asipoandika karatasi kabla ya hiyo miezi mitatu," alisema, "watazuka ndugu mpaka wa kwenye picha."

"Ataandika," alisema Dokta Benchi. "Wagonjwa wa hatua hii wana namna yao ya kubembelezwa. Nitakuja kama bwana wa ufuatiliaji kutoka hospitali. Wewe peleka uani kwake mabati thelathini, ya geji nene, na kofia zake za mgongo wa paa na misumari."

"Nimwezekee?"

"Nani kasema umwezekee? Ayaone tu! Mtu anayevujiwa, akiona mabati mapya yamelala uani kwake, atatia saini hata hati ya kuuza masikio yake. Akishasaini, mabati yanaondoka."

"Yanarudi dukani."

"Yanakuja kwangu. Huo ndio ujira."

Bwana Mabati alishika kifua. "Thelathini? Chukua kumi."

"Sawa. Nenda na kumi zako ukangoje ndugu wa kwenye picha."

Mabati thelathini yalipelekwa kwa mkokoteni siku iliyofuata.

Shangazi alikuwa amepikia shule ya bweni kwa miaka thelathini, na kwa hiyo hakukuwa na binadamu aliyeweza kumdanganya kuwa hajala. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kitambaa kichwani kilichofungwa kama cha mtu anayekwenda kugombana. Aliutazama mkokoteni ukishusha, akamtazama mtoto wa kaka yake, akamtazama mgeni.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Bwana Mabati.

"Marahaba. Kumbe mzigo umeingia."

"Umeingia leo leo, Shangazi. Nikasema wa kwanza ni wewe."

"Na huyu je? Mbona ana kalamu mbili? Moja ikiisha wino anafukuzwa?"

"Mimi ni wa hospitali, mama," alisema Dokta Benchi. "Nafuatilia wagonjwa."

"Kwani wanakimbilia wapi?"

Dokta Benchi alicheka kwa adabu, akaomba daftari, akalipitia huku akitikisa kichwa mahali pasipohitaji kutikisiwa kichwa.

"Daktari kasemaje humo?" Shangazi aliuliza.

"Mambo ya kawaida tu, mama yangu. Usijichoshe nayo. Wewe pumzika, kula vizuri, na... weka sawa mambo yako."

"Mambo gani?"

"Haya ya karatasi karatasi. Nyumba. Mtu hujisikia mwepesi."

"Ahaa," alisema Shangazi, polepole sana.

Walipoondoka, alifunga mlango, akakaa kitandani, akafungua ukurasa wa mwisho na kupitisha kidole chini ya mstari. "TCA," alisoma kwa sauti. "Tatu juu ya kumi na mbili." Akatafakari. Kisha alicheka mpaka magoti yakamkumbusha kuwa yapo.

Wajanja wengi huharibikiwa kwa pupa. Shangazi hakuwa na pupa. Aliwahi kusubiri maharage ya watoto mia nne yaive kwa kuni mbichi. Baada ya wiki moja alimwita Bwana Mabati akajilaza mbele yake na kanga mpaka kidevuni.

"Mwanangu, sijui kwa nini siku hizi najisikia kuandika."

"Andika, Shangazi! Kuandika ni vizuri kwa afya."

"Nikuandikie wewe nyumba hii. Nani mwingine? Ila kuna jambo linanikwaza. Wewe mwenyewe umewatangazia watu kuwa hiki kiwanja ni cha babu. Kama ni cha babu, si changu. Na kama si changu, nakupaje?"

Bwana Mabati aliipima hoja hiyo kama anavyopima misumari, akaona mzani umekaa sawa. Ili apewe chake, lazima kwanza kiwe cha mwingine. Kesho yake walipanda ngazi za wakili mwenye chumba juu ya duka la viatu. Wakili akaandika kwamba kiwanja na nyumba ni mali ya Shangazi peke yake, na kwamba mtoto wa kaka yake hana dai lolote juu yake, wala la sasa wala la baadaye. Akawasomea yote mara mbili. Bwana Mabati alisaini kwa mkono mzito wa furaha. Shahidi alikuwa bwana wa ufuatiliaji, ambaye alilazimika, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kuandika jina lake halisi, na akalikosea.

"Sasa na ile karatasi yangu?" Bwana Mabati aliuliza ngazini.

"Haraka ya nini, mwanangu? Kwani nina siku ngapi?" Shangazi alijibu, na Bwana Mabati akaona aibu kidogo.

Kumbe Dokta Benchi naye alikuwa na mashaka yake. Mabati thelathini ya geji nene yamelala uani kwa watu: nani anayalinda? Akawa anapita kila siku jioni, kuyahesabu kwa macho. Shangazi akawa anampokea kwa chai.

"Mwanangu," alimwambia siku moja, "nimekuwa nikikutazama. Yule wa damu yangu ananipenda kwa mdomo. Wewe, mtu baki, hujakosa siku."

"Ni wajibu, mama."

"Mimi sikuzaa. Nimesema tangu zamani, nyumba hii ni ya atakayenitunza. Karatasi bado sijaandika."

Kikombe cha Dokta Benchi kilisimama njiani kuelekea mdomoni. Alikuwa amekuja pale kwa ajili ya mabati. Hakuwahi kuangalia kilichokuwa chini ya mabati: vyumba vitatu, ua, barabara kuu mlangoni.

"Ila nitaona haya," Shangazi aliendelea, akitazama juu penye madoa ya maji, "kumwachia mtu nyumba inayovuja. Ni kama kumtukana. Laiti ningeona imeezekwa kabla ya... kabla ya kuweka sawa mambo yangu."

Dokta Benchi alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Mabati yalikuwa yake. Nyumba itakuwa yake. Mabati yake yakiwa juu ya nyumba yake, yamepotea? Hayajapotea. Yamehifadhiwa tu, juu kidogo. Na yakioza yakiwa uani yatakuwa hasara ya nani?

Asubuhi alipanda ngazi na nyundo ya kuazima. Hakuwahi kuezeka maishani mwake. Fundi aliyemwita aliona miwani, akataja bei ya miwani, kwa hiyo akamwacha. Siku nne alikuwa juu, suruali imepasuka, kidole gumba kimevimba kama nyanya, na Shangazi chini, ameshika ngazi, akimwelekeza kwa sauti iliyozoea kuamrisha masufuria.

"Lalisha hilo! Si hivyo, unalilalisha kama mlevi! Lipishe juu ya mwenzake!"

"Hivi, mama?"

"Hapo. Piga. Ah! Hicho ni kidole. Piga msumari!"

Bwana Mabati aliwaona kutoka dukani, akaja mbio akihema. "Wewe! Tulikubaliana yaonekane tu!"

Dokta Benchi alishuka vidato vitatu akamnong'oneza, "Tulia. Nimeangalia hali yake, imebadilika. Mgonjwa wa hatua hii akiezekewa anapata amani. Akipata amani anasaini. Na wewe si utakuja kuweka duka humu? Utaezeka upya kwa fedha ya nani?"

Bwana Mabati alitazama paa. Ni kweli lilikuwa zuri. Ni kweli hangelipia mara mbili.

"Ila ujira wako umekwisha, ujue," alisema.

"Niachie mimi," alisema Dokta Benchi, kwa ukarimu uliopaswa kumtia mtu yeyote wasiwasi.

"Mnanong'ona nini?" Shangazi aliuliza. "Mwanangu, njoo umwone mwenzako. Mtu baki ananigongea mabati kwa mikono yake. Watu wanapita hapo barabarani wananiuliza, yule ndiye mtoto wa kaka yako? Nimeshindwa la kuwajibu."

Kabla ya jioni Bwana Mabati alileta mbao za dari na ndoo mbili za rangi. Kufikia mwisho wa wiki alileta mlango. Hakukubali kushindwa na mtu wa hospitali. Kila mmoja alipoleta kitu, Shangazi alimsifu mwenzake, na siku iliyofuata mwenzake alileta kingine. Mvua zilipokuja ziligonga juu kwa hasira, zikakuta hakuna njia, zikateremka zikaenda zao.

Hivyo miezi mitatu ikaisha. Shangazi, ambaye kwa hesabu za baadhi ya watu alipaswa kuwa amedhoofika, alikuwa amenenepa.

"Kesho ni siku yangu," aliwaambia wote wawili kwa pamoja. Bwana Mabati alitazama chini. "Siku yangu ya kliniki. Nataka wanangu wawili mnisindikize. Tukitoka huko, ya karatasi tuyamalize."

Dokta Benchi hakupenda sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo, lakini alipenda sana ya pili.

Kliniki ya presha ilikuwa nyuma ya jengo la kufulia mashuka, na ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo Dokta Benchi, katika utumishi wake wote hospitalini pale, alikuwa bado amelala. Alijua tu kwamba kuna wazee huja mapema na kuondoka mapema, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama mbele ya benchi lake kuuliza kitu. Alidhani ni wabahili.

Walikuta wazee kama arobaini, kila mmoja na daftari mapajani. Mbele yao ulikuwapo ubao, na mbele ya ubao nesi mmoja mfupi mwenye rula. Huyu nesi, miaka sita nyuma, alichoka kuona wagonjwa wakirudi hawakuelewa walichoandikiwa. Aliwaomba madaktari waandike maneno kamili. Madaktari wakasema hawana muda. Basi akaachana na madaktari, akaanza kuwafundisha wazee.

"BD!" aliita, akigonga ubao.

"Mara mbili kwa siku!" walijibu arobaini kwa mpigo.

"TDS!"

"Mara tatu!"

"OD!"

"Mara moja!"

"PRN!"

"Ukihitaji!"

"Ukihitaji au ukipenda?"

"Ukihitajiii!"

"NAD!"

"Hakuna kasoro!"

"Kama mimi!" alidakia babu mmoja wa nyuma.

"Wewe kaa chini, kasoro zako hazina kifupisho." Nesi aligeuka. "Naona wageni wawili. Hapa mgeni husoma ubaoni. Yule kijana mwenye kalamu mbili, simama."

"Huyo anajua sana, nesi," Shangazi alisema kutoka benchi la mbele. "Ni wa ufuatiliaji."

"Wa nini?"

"Ufuatiliaji."

"Hatuna kitu kama hicho," alisema nesi, akaandika ubaoni kwa chaki: TCA 3/12. "Haya, tusomee."

Dokta Benchi alisimama. Kushoto kwake alikaa Bwana Mabati, amevaa uso wa msiba alioutayarisha tangu jana, akiusubiri ukweli mchungu usemwe hadharani. Mbele yake walikaa wazee arobaini, wamefumba midomo kwa shida kama watoto wanaojua jibu. Uongo alikuwa nao mwingi kichwani, wa kila rangi. Lakini wote ulikuwa wa kumwambia mtu mmoja asiyejua. Wa kuwaambia watu arobaini wanaojua hakuwahi kuutengeneza.

"Ni... arudi tena," alisema.

"Sauti!"

"Arudi tena!"

"Lini?"

"Baada ya miezi mitatu."

"Kufanya nini?"

"Kupimwa."

"Samahani, nesi, mimi ni mtu mzima, vichwa vyetu vizito," alisema Shangazi kwa upole mkubwa. "Kwa hiyo mtu akiandikiwa hivyo, hafi?"

Dokta Benchi aliutazama ubao. "Hafi, mama."

"Mpigieni makofi!" aliamuru nesi, na darasa zima likampigia makofi.

Bwana Mabati hakupiga. Midomo yake ilikuwa ikisogea bila sauti: mabati, kofia, misumari, dari, rangi, mlango. Mlango!

"Mabati yangu!" alitamka hatimaye.

"Mabati yako?" Dokta Benchi alimgeukia, kwa uchungu wa kweli. "Si tulikubaliana ni yangu? Tazama kidole hiki!"

"Msigombane, wanangu," alisema Shangazi, akijipepea kwa daftari. "Ni yangu."

"Lakini kwa wakili!" walisema wote wawili.

"Kwa wakili?" Shangazi alishangaa. "Kwa wakili si tulishakwenda?"

Shangazi alisimama akawaeleza wenzake, kwa sauti ya jikoni, kazi anayofanya bwana huyu pale dirisha la dawa. Dokta Benchi hakusubiri mwisho. Lakini hata alipojificha nyuma ya jengo la mashuka mpaka saa tatu, ili aende kwenye riziki yake kama kawaida, alikuta benchi limejaa. Bibi wawili na yule babu mwenye kasoro walikuwa wamekaa juu yake na mwavuli wao, wakiwasomea watu madaftari, bure, na foleni inacheka.

"Nafasi ipo?" aliuliza.

"Ya mgonjwa ipo," alisema babu. "Unaumwa nini?"

Muuza karanga anasema alimwona akitoka getini bila miwani.

Na Bwana Mabati? Nesi alimtazama anavyotoka jasho, akamkalisha, akamfunga mkononi mpira wa kupimia presha, akaujaza upepo, akasoma, akaujaza tena. Akampeleka kwa daktari yeye mwenyewe, akimsukuma mgongoni. Baada ya nusu saa alitoka na daftari jipya lenye jina lake, ukurasa wa kwanza umejaa herufi. Alisimama mlangoni akiuchungulia. Akatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu aliyemjua isipokuwa mmoja, aliyekuwa amekaa kivulini anamngoja.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Hapa imeandikwa nini?"

Shangazi alilipokea daftari kwa mikono miwili. Hakucheka. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari.

"BP mia na themanini juu ya mia na kumi. Hiyo imepanda, mwanangu, acha kugombana na watu. Kidonge hiki OD, mara moja kwa siku, asubuhi, na usiniletee habari za kusahau. Chumvi kidogo. TCA mbili juu ya hamsini na mbili: unarudi hapa baada ya wiki mbili. Tutakuja wote, nikuonyeshe pa kukaa."

"Ni hayo tu? Siyo mabaya?"

"Ukifuata, siyo mabaya." Kidole chake kikaendelea kushuka, kikavuka mstari wa mwisho, kikatua kwenye karatasi nyeupe. "Na hapa chini wanasema mifereji ya paa. Upande wote wa mbele. Maji yanadondoka yananichimbia kizingiti."

Bwana Mabati aliinama akatazama.

"Shangazi, hapo ni patupu."

"Wewe umeanza darasa leo," alisema Shangazi. "Mimi nina miaka sita."

Bwana Mabati aliutazama ule weupe. Kisha akatoa kalamu mfukoni.

"Mita ngapi?" aliuliza.